Madhara ya Dawa ya Minyoo kwa Watoto Wachanga wa Mbwa: Kuyatambua, Kuyazuia na Kuyakabili

Malengo ya somo

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya wahudumu wa afya na wananchi wanaofuga mbwa nyumbani. Baada ya kulisoma, msomaji anatarajiwa kuweza: (a) kueleza kwa nini watoto wa mbwa hupewa dawa ya minyoo wakiwa wachanga, (b) kutofautisha mabadiliko ya kawaida baada ya dawa na dalili za hatari, (c) kukokotoa kipimo kwa kufuata uzito, na (d) kutoa huduma ya kwanza kabla ya kumfikia daktari wa mifugo.

Utangulizi

Msomaji anaweza kujiuliza jarida la tiba lina haja gani na watoto wa mbwa. Jibu limo uani mwa nyumba nyingi. Mbwa jike afugwaye kwa ulinzi huzaa chini ya ghala au nyuma ya jiko. Baada ya wiki 3 hivi vilebu, ndivyo waitwavyo watoto wa mbwa, huanza kutoka nje, na watoto wa nyumba hiyo huwa wenzi wao wa kwanza wa kucheza. Minyoo iliyomo matumboni mwa vilebu hutaga mayai, mayai huingia udongoni, na udongo huingia vinywani mwa watoto. Kumtibu kilebu minyoo, basi, ni sehemu ya kumlinda mtoto wa binadamu.

Tuchukue mfano. Familia moja ina vilebu 5 wa umri wa wiki 4, matumbo yao yamevimba. Baba ana chupa ya ivermektini ya sindano iliyobaki baada ya kutibu ng'ombe. Anavuta nusu mililita, kiasi kinachoonekana kidogo kwa jicho, na kumnywesha kila kilebu. Usiku vilebu wawili wanapepesuka na kutokwa na udenda. Kufikia asubuhi mmoja amekufa. Familia inaapa kutowapa mbwa dawa ya minyoo tena.

Uamuzi huo unaeleweka, lakini umejengwa juu ya kosa. Kilichomuua kilebu yule ni dawa isiyomfaa, iliyotolewa kwa kipimo cha mnyama mkubwa. Kwa kuachana na matibabu yote, familia hiyo itawaacha vilebu wa uzao ujao na minyoo yao, na mayai yataendelea kumwagika uani. Kutenganisha hatari ya dawa na hatari ya kukosea dawa ndiyo kiini cha somo hili.

Kwa nini vilebu hutibiwa mapema

Minyoo ya mviringo ya mbwa, iitwayo kitaalamu Toxocara canis, ina njia ya pekee ya kuenea. Mabuu yake hujificha katika misuli na viungo vya mbwa jike kwa muda mrefu bila kumdhuru. Anapobeba mimba, mabuu hayo huamka katika wiki za mwisho, hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia katika miili ya watoto walio tumboni. Mengine huwafikia kupitia maziwa. Hivyo kilebu aliyezaliwa mahali safi kabisa huenda tayari anabeba minyoo, na ifikapo wiki ya 3 ya umri wake anaweza kuanza kutoa mayai kwenye kinyesi.

Minyoo ya safura ya mbwa, Ancylostoma caninum, nayo hupita kwenye maziwa. Hii hunyonya damu, na kilebu mchanga anaweza kufa kwa upungufu wa damu kabla hata yai moja halijaonekana kwenye kinyesi.

Kwa sababu hizo utaratibu unaopendekezwa na wataalamu ni kuanza dawa katika wiki ya 2 ya umri, kurudia kila baada ya wiki 2 hadi wiki ya 8, kisha kila mwezi hadi kilebu afikishe miezi 6. Mama naye hutibiwa pamoja na watoto wake. Kurudia huko kuna maana kubwa. Dawa nyingi huua minyoo iliyomo ndani ya utumbo siku ile tu, wala haziyafikii mabuu ambayo bado yanasafiri kwenye ini na mapafu. Mwenye kudhani kwamba kipimo kikubwa mara moja kitachukua nafasi ya vipimo vidogo kadhaa anamwongezea kilebu hatari bila kumwongezea faida.

Kwa upande wa binadamu, uzito wa jambo hili umefahamika tangu katikati ya karne iliyopita. Mwaka 1950 Helenor Wilder, huko Marekani, alichunguza macho yaliyoondolewa kwa upasuaji, mengi ya watoto walioshukiwa kuwa na saratani ya jicho, akakuta mabuu ya minyoo katika kadhaa miongoni mwake. Mwaka 1952 Paul Beaver na wenzake walieleza ugonjwa wa watoto ambao mabuu ya Toxocara huzunguka katika ini na viungo vingine. Mtoto hupata ugonjwa huu kwa kumeza mayai yaliyokwisha kukomaa udongoni, na kukomaa huko huchukua takriban wiki 2 au zaidi. Kinyesi kikiondolewa kila siku, mayai hayapati muda huo.

Kwa nini mwili wa kilebu ni rahisi kudhurika

Kilebu hatofautiani na mbwa mzima kwa udogo peke yake. Ini lake halijapata uwezo kamili wa kuvunja dawa, na figo zake bado zinakomaa. Dawa ambayo mbwa mzima angeitoa mapema hukaa mwilini mwa kilebu kwa muda mrefu zaidi. Kinga iliyopo kati ya damu na ubongo nayo haijakamilika, hivyo dawa zinazodhuru mishipa ya fahamu huufikia ubongo wake kwa urahisi zaidi.

Pia kilebu hana akiba. Akitapika na kuacha kunyonya kwa saa chache, sukari katika damu hushuka, mwili hupoa, na maji mwilini hupungua. Tatizo ambalo mbwa mzima angelivuka kwa kulala nusu siku linaweza kumwua kilebu. Aidha, uzito wake hubadilika kila wiki, kwa hiyo kipimo sahihi cha wiki ya 2 si kipimo cha wiki ya 6.

Mabadiliko yanayotarajiwa

Vilebu wengi wakipewa dawa sahihi kwa kipimo sahihi hawaonyeshi badiliko lolote. Baadhi yao, katika siku 1 au 2 za mwanzo, huweza kutokwa na mate kidogo kwa sababu ya uchungu wa dawa, kutapika mara moja, kuhara kidogo, au kulala kuliko kawaida. Kutoa minyoo kwenye kinyesi au matapishi, mingine ikiwa bado inajinyonganyonga, ni ishara kwamba dawa imefanya kazi. Huwashtua wengi, lakini iwapo kilebu ananyonya, ana joto na anaitikia akiguswa, mambo haya hupita yenyewe.

Dawa moja moja na madhara yake

Pirantele ndiyo dawa inayotumiwa zaidi kwa vilebu wachanga. Sehemu kubwa ya dawa hii hubaki ndani ya utumbo, na ni kidogo tu kinachoingia kwenye damu; hiyo ndiyo sababu ya usalama wake. Madhara yake ya kawaida ni kutapika. Makosa hutokea katika kusoma lebo: miligramu 14.4 za chumvi ya pirantele zina miligramu 5 tu za pirantele yenyewe. Asiyejua lebo inataja kipi anaweza kukosea karibu mara 3.

Fenbendazoli hutolewa kwa kawaida miligramu 50 kwa kila kilo, siku 3 mfululizo. Nayo ina usalama mpana. Hata hivyo dawa ya maji ya mifugo huuzwa kwa nguvu tofauti, kama asilimia 2.5 na asilimia 10, na chupa hizo huweza kufanana. Kipimo cha chupa moja kikichukuliwa kwenye nyingine, hitilafu ni mara 4.

Prazikwanteli huua tegu. Tegu wa kawaida wa mbwa huambukizwa kwa kumeza viroboto, na kilebu wa siku chache hana haja ya dawa hiyo. Dawa nyingi zenye prazikwanteli hazipendekezwi kwa vilebu walio chini ya wiki 4. Lebo isomwe kabla ya kutumia vidonge vyenye mchanganyiko.

Levamisoli, inayotumiwa sana kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe, ina nafasi finyu mno kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru. Kilebu aliyezidishiwa hutokwa na mate mengi, hutapika, huhara, hutetemeka na kupumua kwa shida, mara nyingi ndani ya muda mfupi. Mhudumu wa afya aliyewahi kumwona mgonjwa aliyekunywa sumu ya wadudu wa shambani ataona kwamba dalili hizo zinashabihiana. Levamisoli isitolewe pamoja na pirantele, kwa kuwa madhara yake hujumlishana.

Piperazini ni dawa ya zamani ya minyoo ya mviringo. Ikizidi, kilebu hulegea, hupepesuka na kutetemeka.

Ivermektini inastahili maelezo marefu. Dawa hii imeokoa macho ya watu wengi barani Afrika, na kwa ugunduzi wake William Campbell na Satoshi Ōmura walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini chupa ya sindano ya mifugo yenye nguvu ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, nayo imetengenezwa ili mililita 1 imtoshe mnyama wa kilo 50. Turejee kwenye mfano wetu: nusu mililita ni kipimo cha ndama wa kilo 25. Kilebu wa kilo 2 aliyepewa kiasi hicho amepokea zaidi ya mara 12 ya kiwango anachopewa ng'ombe kwa kila kilo ya uzito. Dalili huanza baada ya saa kadhaa: mboni za macho hupanuka, kilebu huwa kama kipofu, hupepesuka, hutokwa na udenda, hutetemeka, kisha huweza kupoteza fahamu na kupumua polepole. Huweza kukaa katika hali hiyo kwa siku nyingi. Hakuna dawa mahususi ya kuiondoa sumu hiyo. Matibabu ni kuusaidia mwili hadi dawa iishe.

Wapo pia mbwa wanaodhurika kwa kiasi kidogo zaidi. Mwaka 2001 Katrina Mealey na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba mbwa wengi wa aina ya Collie wana kasoro ya kurithi inayoiruhusu ivermektini kuingia kwenye ubongo. Kilebu mwenye asili ya mbwa wachungaji wa Ulaya, hata akiwa chotara, asipewe dawa hii bila ushauri wa daktari.

Dawa za minyoo za binadamu nazo zina hatari yake. Kidonge cha albendazoli kinachotolewa shuleni kina miligramu 400. Mtoto wa kilo 15 akikimeza hupata takriban miligramu 27 kwa kilo. Robo ya kidonge hicho, ambayo mtu huiona kuwa ni busara, humpa kilebu wa kilo 1 miligramu 100 kwa kilo, karibu mara 4 ya anachopata mtoto yule. Kwa mbwa, albendazoli imehusishwa na kudhoofika kwa uboho unaotengeneza damu. Dalili zake, yaani homa, udhaifu na kutokwa damu, huja baada ya siku au wiki, wakati ambapo hakuna anayeikumbuka tena dawa. Mebendazoli nayo imehusishwa na madhara ya ini kwa baadhi ya mbwa. Tena baadhi ya dawa za maji za binadamu hutiwa utamu wa zailitoli, ambao kwa mbwa ni sumu inayoshusha sukari ya damu ghafla.

Si kila baya lifuatalo dawa limeletwa na dawa

Kilebu akifa siku moja baada ya kupewa dawa, lawama huiangukia dawa. Ni lazima kuuliza maswali mengine kabla ya kuhukumu.

Kwanza, je, minyoo ilikuwa mingi kupita kiasi? Minyoo ikilegea kwa pamoja huweza kujikusanya na kuziba utumbo, au sehemu ya utumbo ikaingia ndani ya nyingine. Kilebu hutapika mfululizo, tumbo huwa gumu, na hulia akiguswa. Hali hii huhitaji daktari mara moja.

Pili, je, ufizi ulikuwa mweupe kabla ya dawa? Dawa huiua minyoo ya safura lakini hairudishi damu iliyokwisha kunyonywa. Kilebu wa namna hiyo anahitaji matunzo zaidi, pengine hata kuongezewa damu.

Tatu, je, alikuwa tayari anahara na kutapika? Kilebu ambaye hajachanjwa, hasa kuanzia umri wa wiki 6, akitapika na kuhara damu, huenda ana ugonjwa wa virusi vya parvo. Mwenye mbwa hudhani ni minyoo, hutoa dawa, na muda wa kuokoa maisha hupotea.

Nne, dawa ilinyweshwaje? Dawa ya maji ikimiminwa kwa kilebu aliyelazwa chali huingia mapafuni. Kikohozi na kupumua kwa shida siku inayofuata huenda vimetokana na njia hiyo, wala si dawa yenyewe.

Mara chache hutokea mzio: uso huvimba, ngozi hutoka vipele, pumzi hubana, ndani ya dakika au saa chache. Kilebu huyo asipewe tena dawa ileile, na jina lake liandikwe.

Namna ya kuzuia madhara

Mpime kilebu kila mara. Mizani ndogo ya kidijitali inatosha, na kwa kilebu wa kilo 1 kosa la gramu 200 si dogo. Mizani ya kliniki ya watoto isitumike kwa kazi hii.

Soma jina la dawa, nguvu yake, tarehe ya kuisha na umri wa chini unaoruhusiwa. Dawa iliyotiwa kwenye chupa ya soda bila lebo isikubaliwe, hata ikiwa imetoka kwa jirani mwema.

Fanya hesabu kwenye karatasi: zidisha uzito kwa miligramu zinazotakiwa kwa kilo, kisha gawa kwa miligramu zilizomo katika mililita 1. Mpe mtu mwingine aikague.

Tikisa chupa vizuri. Dawa nyingi za minyoo hutuama chini, na asiyetikisa humpa kilebu wa kwanza maji na wa mwisho dawa kali.

Mnyweshe kilebu akiwa amesimama au amekaa, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa shavu, kidogo kidogo. Kisha mrudishe kwa mama yake anyonye.

Kilebu mgonjwa, aliyepoa au asiyenyonya asipewe dawa ya minyoo kabla ya kuonwa na daktari wa mifugo.

Huduma ya kwanza

Ukiona kutapika kusikokoma, kinyesi chenye damu, tumbo lililovimba na kuuma, ufizi mweupe, mboni zilizopanuka, kupepesuka, mitetemo, degedege au kupumua kwa shida, acha kutoa dawa na mtafute daktari wa mifugo bila kusubiri kesho. Wakati wa safari mpashe kilebu joto kwa nguo, na mlaze kwa ubavu. Akiwa ana fahamu na anaweza kumeza, paka asali au maji ya glukosi kidogo kwenye ufizi. Akiwa hana fahamu, usimtilie chochote mdomoni.

Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Chumvi yenyewe humdhuru. Usimpe mafuta wala maziwa kwa nia ya kuvunja sumu: mafuta husaidia baadhi ya dawa kufyonzwa, na yote mawili huweza kuingia mapafuni. Majivu na mkaa wa jikoni havichukui nafasi ya mkaa wa hospitali.

Beba chupa au pakiti ya dawa. Daktari atauliza mambo matatu: dawa gani, kiasi gani kwa uzito gani, na dalili zilianza saa ngapi. Mwenye majibu hayo amekwisha kufanya nusu ya kazi.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Anapotembelea kaya, mhudumu wa afya ana nafasi ya kuuliza swali moja jepesi: “Je, hapa nyumbani kuna vilebu?” Panapokuwa nao, ashauri familia iwasiliane na afisa mifugo, iokote kinyesi kila siku na kukifukia mbali na mahali pa kuchezea, na iwafundishe watoto kunawa mikono kabla ya kula. Asitoe vidonge vya binadamu kwa ajili ya mbwa, hata akiombwa kwa unyenyekevu. Akikutana na familia iliyoapa kuacha dawa baada ya kufiwa na kilebu, aisikilize kwanza, aulize dawa iliyotumika na kipimo chake, ndipo aeleze kosa lilipokuwa bila kumwaibisha mtu. Na iwapo mtoto amekunywa dawa ya mifugo, apelekwe kituo cha afya mara moja pamoja na chupa yake.

Maswali ya kujipima

1. Kilebu ana kilo 1.6. Daktari ameagiza fenbendazoli miligramu 50 kwa kilo kwa siku 3. Chupa ina nguvu ya asilimia 10, yaani miligramu 100 kwa mililita. Apewe mililita ngapi kila siku? Ingekuwaje kama chupa ni ya asilimia 2.5?

2. Saa 5 baada ya kupewa pirantele, kilebu ametapika minyoo 2, kisha amerudi kunyonya. Ufanye nini?

3. Kilebu wa wiki 9 ambaye hajachanjwa anatapika na kuhara damu siku ya pili baada ya dawa. Jirani anashauri dawa irudiwe. Utasemaje?

Majibu

1. Anahitaji miligramu 80, yaani mililita 0.8 kila siku. Kwa chupa ya asilimia 2.5, yenye miligramu 25 kwa mililita, ni mililita 3.2.

2. Mwangalie kwa siku 1 hadi 2, hakikisha ananyonya na ana joto, ondoa na fukia matapishi, kisha nawa mikono. Usirudie dawa siku hiyo bila ushauri wa daktari.

3. Dawa isirudiwe. Hali hiyo yaweza kuwa ugonjwa wa parvo au utumbo ulioziba. Atengwe na mbwa wengine na apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.